Sura ya Mkopo: Sehemu ya Tano

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Baada ya kuhangaika kwa muda mrefu kama ekstra asiyetamka neno, Kendi, binti wa mkulima wa muguka kutoka Siakago, ameitwa kucheza mhusika mkuu katika tamthilia mpya ya televisheni. Ijumaa jioni, kwenye steji ya Embu, anainua macho na kujiona mwenyewe ubavuni mwa matatu, anacheka, chini ya maneno KOPA SASA, LIPA POLEPOLE. Kendi hajawahi kusaini tangazo la mtu yeyote. Kabla hajapata pumzi, simu yake inalia. Ni prodyusa.

SASA ENDELEA...

“Kendi, kuna picha nimetumiwa hapa. Huyu ni wewe?”

Kondakta alipiga bati mara mbili. Matatu ikang'oa, ikashika njia ya Nairobi, na ule uso wenye kicheko ukaenda zake. Kendi alibaki ameukumbatia mkoba wake. Ndani mlikuwa na kurasa za mchezo alizopewa kukariri, kila moja imegongwa muhuri wa buluu wa kampuni ya prodyusa pembeni chini, wenye mchoro wa korongo aliyekunja mguu. Tangu azipokee alikuwa akilala nazo chini ya mto.

“Ni mimi, Madam. Lakini sijawahi kufanya tangazo hilo.”

“Sura yako imelifanya.” Sauti ya yule mama haikupanda wala haikushuka. “Nisikilize vizuri. Anayelipia tamthilia yetu ni benki. Benki haiwezi kukubali msichana anayeonekana kila jioni kwa pesa zake awe ndiye anayewavuta watu kwenye mikopo ya mtu mwingine. Hilo liko kwenye mkataba wao na mimi, na litakuwa kwenye mkataba wako na mimi. Nataka barua kwamba picha hizo zimeondolewa, au karatasi inayoonyesha zilichukuliwa bila ruhusa. Jumatatu, saa nne asubuhi.”

“Leo ni Ijumaa jioni, Madam.”

“Najua leo ni siku gani. Yuko msichana wa pili, Kendi, naye amekwisha kukariri.”

Simu ikakatika.

Wasioijua kazi hii hudhani mwigizaji huuza kilio na kicheko. Anachouza kwanza ni uso, na mwanamitindo huuza uso huo huo. Mmoja hulipwa kuusogeza, mwingine kuutuliza. Wasichana wa huku kwetu wanafundishwa kutembea, kugeuza bega, kuutafuta mwanga kwa shavu. Hakuna anayewafundisha kusoma karatasi. Jambo hili linaniuma, na ndiyo maana ninaisimulia habari ya Kendi.

Aliingiwa na uigizaji akiwa kidato cha pili, siku mwalimu wa Kiswahili alipowaonyesha *Nairobi Half Life* kwenye kompyuta yake ya mkononi. Filamu hiyo ya David Tosh Gitonga ilitoka mwaka 2012, na ndiyo ya kwanza Kenya kuipeleka kushindania Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Kijana Mwas anauza filamu kijijini huku akiwaigizia wateja, anapanda gari kwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa kila kitu siku ile ile ya kufika. Darasa zima liliangua kicheko pale alipoporwa. Kendi hakucheka. Yeye alikuwa bado pale mwanzoni, kijijini, akimtazama mtu asiye na jukwaa anayesema maneno ya watu wengine kana kwamba ni yake. Mwalimu alipowaambia kuwa Joseph Wairimu, aliyecheza Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo huo, Kendi aliandika “Durban” nyuma ya daftari la hesabu.

Urefu ulikuja baadaye. Kufika kidato cha nne alikuwa akiinama kupita mlango wa jikoni kwao, na likizo ya Aprili 2024 mpiga picha mmoja aliyekuwa na kibanda Embu alimsimamisha barabarani. Akampeleka pamoja na wasichana wengine kilima cha Karue. Akamfunga leso ya kijani begani, akamwambia atazame kule mlima ulipo, acheke kana kwamba ameitwa na mtu anayempenda. Picha za majaribio tu, alisema, za kuweka kwenye faili. Malipo yakawa soda na chapati mbili.

Nyumbani mama hakutaka kusikia. Mama ni fundi wa nguo Siakago, mtu wa maneno machache. “Uso wa mtoto wangu si bidhaa ya soko,” alisema, na Kendi alipoigiza kwenye tamasha la drama la shule, kiti cha mama kilibaki kitupu.

Kisha ikaja ile Mei. Mafuriko yalikuwa yamechelewesha ufunguzi wa shule hadi tarehe 13. Karo ya muhula wa pili ilikuwa inangoja muguka wa baba ufike Mombasa, na muguka hausubiri mtu: ukichumwa leo, leo hii uwe njiani, la sivyo jani linanyauka na bei inakufa. Tarehe 23, serikali ya kaunti ya Mombasa ikapiga marufuku muguka. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hayo, na Rais akatangaza kuwa hayana nguvu kwa sababu sheria ya nchi inautambua muguka kama zao rasmi, lakini magunia ya baba yalikuwa yamekwisha kuoza. Baba alikuwa amesafiri nayo. Alinasa huko huko Mombasa, waliambiwa, akidai na kudaiwa, na hakurudi hadi Juni.

Hata hivyo karo ililipwa wiki hiyo hiyo. “Chama kimenisaidia,” mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Kendi akarudi shuleni, akafanya mtihani wake, na hakuuliza tena.

Sasa, pale kwenye steji ya Embu, aliifunga simu mkobani na kuikumbuka ile leso ya kijani. Kwenye tangazo walikuwa wameufuta mlima na kuweka maghorofa, lakini leso waliiacha. Mtu mmoja tu ndiye aliyempiga picha na leso hiyo. Alisikia kwamba amehamia Meru.

*

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amekaa nyuma ya dereva. Runyenjes ikapita, ikapita Kathageri, wakauvuka mto Thuci na kuiacha Embu nyuma. Upande wa kushoto Mlima Kenya ulikuwa umejifunika. Chuka alipanda bibi mmoja aliyevaa sweta la chama cha akina mama wa kanisa, akaketi karibu na Kendi na kikapu mapajani.

Mteremko wa daraja la Nithi hunyamazisha gari zima. Tangu Julai 2022, basi lililokuwa likienda Mombasa lilipotumbukia pale na kuua watu zaidi ya 30, wanaoijua barabara hii huacha mazungumzo wakifika hapo, na wengine husali kwa sauti ya chini. Kendi alikuwa ameshika chuma cha kiti cha mbele. Ndipo alipohisi vidole vya bibi vikizunguka kifundo cha mkono wake.

“Ni wewe,” bibi alisema.

“Pole, cucu, pengine umenifananisha.”

“Ni wewe wa simu.” Kwa mkono mwingine alikuwa ametoa simu kikapuni. Kwenye kioo kilichopasuka, kati ya alama ya M-Pesa na ile ya redio, uso wa Kendi ulikuwa unacheka ndani ya kiduara kidogo. “Nilikuwa ninaviogopa hivi vitu. Mjukuu wangu akaniambia, cucu, tazama, hata ni msichana wa huku kwetu. Nikakutazama meno. Nikasema mtoto anayecheka hivi hawezi kunidanganya. Nikakopa elfu sita za mbolea.”

“Cucu, mimi sikuwa...”

“Nikachelewa wiki moja. Wakampigia mchungaji. Wakampigia mwenyekiti wa chama. Wakampigia hata fundi aliyenijengea choo. Kila aliyekuwa kwenye simu yangu aliambiwa kwamba mimi ni mwizi. Tangu Pasaka sijakanyaga kanisani.” Hakuwa anapiga kelele. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinakaza. “Na kila nikiifungua simu hii nimpigie mtoto wangu, wewe unacheka.”

Gari lilikuwa limevuka daraja, linapanda ng'ambo ya pili kwa gia nzito. Abiria walikuwa wameanza kugeuka. Kijana mmoja nyuma alitoa simu, akaitazama, akamtazama Kendi, akaitazama tena.

“Dereva!” bibi aliita. “Kwenye njia ya Chogoria tushushe. Sisi ni wawili.”

*

Angeweza kukataa. Mkono wa bibi wa miaka sabini hauwezi kumzuia msichana wa miaka kumi na tisa, na wakili aliyekuwa akimngoja Meru hufunga ofisi saa saba siku ya Jumamosi. Kendi alitazama saa, akatazama lile sweta lililofuliwa na kupigwa pasi kwa safari ya sokoni tu, akachukua mkoba wake akashuka.

Mbele ya mchungaji wa bibi, kule Chogoria, hakuigiza. Alisema kwamba uso ni wake, kwamba hakuwapa, na kwamba huyu mama alikopa kwa kuuamini uso huo. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho, akamwomba bibi asome zile jumbe. Bibi hakuweza. Kendi akazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, matusi na vitisho vilivyotumwa usiku wa manane. Mwisho wake mchungaji aliinuka, akamletea bibi kiti kilicho karibu na chake. Kendi alipoondoka alikuwa amezipiga picha jumbe zote, na jina la bibi pamoja na namba yake vilikuwa kwenye kurasa za mchezo, vimeandikwa juu ya maneno ya mapenzi aliyotakiwa kuyakariri.

Meru alifika saa saba kasoro. Tata, dada yake mama, alikuwa amekwisha kufunga meza yake ya ndizi soko la Gakoromone na alimngoja getini. Tata humwita Kendi “mama”, kwa sababu Kendi amebeba jina la marehemu mama yake tata.

“Mama, mbona umechelewa? Wakili anashika funguo!”

Wakili alikuwa binti mdogo kuliko Kendi alivyotarajia, ofisi yake chumba kimoja karibu na mahakama. Alizitazama picha za tangazo, akazitazama jumbe za bibi, akaweka funguo chini.

“Haya ni mambo mawili,” alisema. “Hizi jumbe, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinazikataza wazi. Mkopeshaji haruhusiwi kuingia kwenye orodha ya namba za mtu na kumwaibisha kwa jamaa zake. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa mchezo kama huu. Huyo cucu ana kesi nzuri kuliko yako.”

“Na yangu?”

“Picha yako ni data yako. Wiki hiyo hiyo Kamishna aliitoza klabu moja shilingi 1,850,000 kwa kumweka mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tunaweza kupeleka malalamiko hata leo. Hayana malipo.”

“Yatachukua muda gani?”

“Sheria inampa Kamishna siku 90.”

Tata akapiga ulimi. Kendi hakusema kitu.

“Kwa hiyo njia ya haraka ni karatasi,” wakili aliendelea. “Nenda kwa huyo mpiga picha umuulize alizitoa kwa idhini ya nani. Ulikuwa na miaka mingapi siku ya kilima?”

“Kumi na saba. Nilitimiza kumi na nane Julai.”

“Basi wewe hukuweza kumpa idhini hata ungetaka. Ni mzazi tu au mlezi. Kama hana karatasi ya mzazi, nitamwandikia barua leo na Jumatatu una kitu cha kumwonyesha prodyusa wako.” Akasita. “Kama anayo, njoo nayo kabla hujafanya lolote. Idhini inaweza kuondolewa, wewe sasa ni mtu mzima. Lakini inategemea kilichoandikwa.”

“Hatakuwa nayo,” Kendi alisema. “Baba alikuwa Mombasa. Na mama ningemjua.”

*

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea. Mpiga picha alipomwona mlangoni hakushtuka, na hilo ndilo lililomtia Kendi hofu ya kwanza. Alimvutia tata kiti. Akafunga dirisha kuzuia kelele za steji.

“Nilijua utakuja siku moja,” alisema. “Mimi sikuiba, Kendi. Nilipiga picha, nikaja nikaambiwa kuna mtu anazitaka zote, na haki zake zote. Nikasema huyu ni mtoto wa shule, siwezi. Nikaletewa karatasi imekwisha kusainiwa. Nilibaki na nakala.”

“Nani alikuletea?”

Badala ya kujibu alifungua kabati la chuma, akatoa bahasha, akaiweka mezani mbele ya tata, si mbele ya Kendi.

Tata aliitoa karatasi. Aliisoma akifuata kwa kidole, alivyofundishwa darasa la tatu, na kidole kilipofika chini kikasimama. Kendi akamwinamia begani.

IDHINI YA MZAZI AU MLEZI. Tarehe 27 Mei 2024. Nimepokea shilingi elfu kumi na tano. Na sahihi.

Hakuhitaji kuambiwa. Mama husaini anavyoshona, mstari unaokwenda na kurudi, kisha fundo. Sahihi hiyo ilikuwa kwenye kila ripoti ya shule tangu chekechea, na ilikuwa hapo, chini ya elfu kumi na tano, wiki ya ile karo.

“Mama,” tata alisema polepole, na Kendi hakujua kama anamwita yeye au anamwita aliye kaburini. “Hebu tuende nyumbani kwanza.”

Kendi alikuwa amekwisha kupiga simu. Iliita mara mbili. Nyuma ya sauti ya mama cherehani ilikuwa inakimbia.

“Mama, niko Meru.”

Cherehani ikanyamaza.

“Uko na dada yangu?” mama aliuliza.

“Niko naye.”

Ukimya ukawa mrefu kiasi kwamba Kendi aliitazama simu kuona kama imekatika. Hakuwa amesema neno juu ya karatasi yoyote.

“Umesoma ukurasa wa pili?” mama akauliza.

Kendi aliugeuza. Mistari ilikuwa imebanana. *Picha, sauti na mwonekano wowote wa mtoto katika filamu, tamthilia na matangazo, kwa muda wa miaka mitano tangu tarehe ya sahihi hii.* Aliisoma mara ya pili. Miaka mitano ilimfikisha Mei 2029. *Mtoto hatafanya kazi yoyote mbele ya kamera bila ruhusa ya maandishi ya mwenye haki.* Kumbe hakuwa ameuzwa uso wa siku moja tu pale kilimani. Kila alichokifanya tangu wakati huo, kila siku aliyosimama nyuma ya waigizaji wengine akijifanya anakunywa chai, alikuwa akikifanya akiwa mali ya mtu.

Chini kabisa, palipoandikwa MWENYE HAKI, hapakuwa na jina. Palikuwa na muhuri wa buluu.

Alifungua mkoba kwa mkono mmoja. Akatoa ukurasa wa juu wa mchezo, ule wenye namba ya bibi wa Chuka, akauweka ubavuni mwa mkataba. Korongo aliyekunja mguu. Korongo aliyekunja mguu.

Mpiga picha alikuwa amegeukia dirisha.

“Mama,” Kendi alisema, na sauti ilitoka kavu. “Huyu mtu ndiye anayenitaka Jumatatu nimletee barua. Anajua barua hiyo haiwezi kutoka kwa mtu mwingine isipokuwa yeye mwenyewe. Ulimwona? Alikuja huko?”

“Alikuja. Alikaa kwenye kitanda chako, akatazama ile picha yako ya drama ukutani.”

“Ni nani aliyemwonyesha nyumbani kwetu?”

Kendi alisikia mama akivuta pumzi, kule Siakago, na kuishikilia.

“Siku hiyo nilikudanganya juu ya chama,” mama alisema. “Na nilikudanganya juu ya Mombasa. Hakuja peke yake, Kendi. Aliletwa na baba yako.”

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO